Nguzo Iliyovuta Sigara

Tulimzika Mzee Kasiani kule Michenga siku ya Jumamosi, baada ya misa, na mvua ilituhurumia mpaka tulipomaliza kufukia. Nilikula wali wa msiba kama wengine, nikawaaga wanawe, ambao sasa wana mvi kunizidi, kisha nikatafuta bodaboda ya kunifikisha Ifakara nipate gari la kwenda kwangu Kiberege. Njiani nilibadili mawazo. Nilimwambia kijana asinipeleke stendi, anipeleke nyuma ya soko, kwa Mzee Komba mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akasema mashine hiyo amezaliwa ameikuta imekufa. Nikamjibu kwamba siulizii mashine, namuulizia mwenyewe, na kama hajui njia aseme nishuke. Uzee umenipa ukali ambao ningeuhitaji zaidi nikiwa msichana. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu. Kasiani na Komba walikuwa marafiki wa karibu kuliko ndugu wengi ninaowajua, wakaachana mwaka ule niliofanya kazi kwa Kasiani, na mimi nilikuwepo pale neno lilipotoka. Tangu hapo hawakurudiana. Sasa mmoja amelala Michenga, na mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kwenda kumwambia mwenzake.

Mimi ni fundi wa mota. Karibu maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia kwenye karakana za mashamba ya miwa, nikisuka mota za pampu, lakini ukiniuliza ufundi nilijifunzia wapi sitakutajia miwa wala chuo. Nitakutajia banda la mabati la Kasiani. Lilikuwa refu na jembamba, mashine ya randa upande wa mlangoni, msumeno wa duara katikati, na kule mwisho kerezo la kuchongea miguu ya vitanda. Chini kulikuwa na maranda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tulikuwa tukiyafagia kila jioni na kesho yake yamerudi. Harufu yake ilibadilika kulingana na mti: siku za mninga banda lilinukia vizuri mpaka wapita njia walipunguza mwendo, siku za mkongo tulipiga chafya tangu asubuhi. Nilikuwa nimetoka tu chuo cha ufundi, na Kasiani alinipa kona yenye meza, dirisha moja, na msumari wa kutundikia kanga yangu. Wateja walioniona mara ya kwanza walimtafuta fundi nyuma yangu. Kasiani hakunitetea kwa maneno. Alikuwa anawaambia tu, "Subirini, Filo anamalizia," kisha anarudi kwenye ubao wake.

Ukuta wa banda ulipakana na mashine ya Komba. Kasiani alikuwa Mpogoro wa Mahenge, Komba Mngoni wa Songea, na Mpogoro na Mngoni ni watani. Babu zao walipigana, wajukuu wakarithishwa maneno. Kila Mtanzania anajua sheria ya utani: mtani atakusema mbele za watu, atachukua kilicho chako, atakuchekea hata siku ya msiba wako na kuzuia jeneza mpaka alipwe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Wale wawili walikuwa wameishika sheria hiyo kwa ukamilifu kiasi kwamba sikuwahi kuwasikia wakizungumza kwa namna nyingine yoyote. Komba alitokea kila mchana wakati mke wa Kasiani, Mama Bernadeta, anapakua. Hakubisha hodi. Alinawa, akavuta kigoda, akatazama sinia.

"Mama, huyu mtumwa wangu ameshashiba? Kama ameshiba, nipe hicho kichwa cha kitoga."

"Babu zako walitembea kutoka Kusini kuja kutafuta vita," Kasiani alimjibu bila kuinua macho. "Vita vilipoisha wakakosa nauli ya kurudi. Kula, mkimbizi."

Na kichwa cha samaki kilikwenda kwa Komba, kila siku, wala sikuwahi kumuona Kasiani akikigusa. Nilidhani hapendi kichwa. Miezi mingi baadaye, Komba alipokuwa haji tena, nilimuona anakila mwenyewe mpaka mfupa wa mwisho, taratibu, na Mama Bernadeta akaondoka kwenda kusimama uani. Huwa nakumbuka chakula kile kuliko kazi ile. Wali wa Ifakara wa mpunga mpya unaonukia, mboga ya majani ya maboga, samaki wa mtoni, na wanaume wawili wazima wanaotukanana kwa furaha. Nilikuwa kijana, nikadhani nyumba zote zenye amani ziko hivyo, na kwamba nitazikuta nyingine mbele. Sikuzikuta.

Mwaka ule Kasiani alikuwa amekubali kutengeneza mabenchi ya kanisa la kigango cha Michenga, nyumbani kwa kina mkewe. Si kazi ya kutajirisha mtu, lakini aliichukulia kama nadhiri. Alikuwa amechagua mninga ubao kwa ubao, mbao pana ambazo sasa huzioni tena, na alitaka mabenchi yawe tayari kwa sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Ndipo mota ya randa ilipoanza kuumwa. Asubuhi iliamka vizuri. Mchana, ukiipa ubao mpana, inaguna, inapunguza kasi, mwili wake unapata moto usioweza kuwekea kiganja, kisha kifaa cha ulinzi kinakata. Ukiiacha ipoe inaamka tena kama haijafanya kitu.

Nilianza na vilivyo karibu, kama inavyotakiwa. Nilizima meni swichi inayokata umeme wa banda zima, nikatoa mkanda, nikazungusha mota kwa mkono nikisikiliza beringi: zilikuwa laini. Nikakagua visu vya randa, maana kisu butu huichosha mota bure. Kasiani alikuwa amevinoa vizuri. Nikafungua stata, kile kisanduku cha kuwashia mota, nikakaza skrubu, nikasugua vidole vya kontakta, vinavyogusana kupitisha umeme na kuachana kuukata, ambavyo vilianza kuungua, nikapima umeme. Njia zote tatu zilikuwa sawasawa. Nikaridhika, tukawasha, na baada ya chakula mota ikanuka. Ilikuwa imeungua. Niliifungua nikakuta koili za pande mbili nyeusi kama mkaa, na za upande wa tatu bado zina rangi yake, na hapo mgonjwa alikuwa ameshanitajia ugonjwa wake. Umeme wa njia tatu ni sufuria juu ya mafiga matatu. Figa moja likilegea, mawili yanabeba mzigo wote. Niliisuka upya, waya kwa waya, vidole vikachanika. Ilipopona nilipima tena, safari hii ubao ukiwa ndani na mashine inahema, si imelala. Njia moja ilizama palepale. Mashine ikipumzika, njia ile inajifanya nzima. Ikibebeshwa mzigo, inakimbia.

Kwa kuwa ilitokea mchana tu, na mchana ndipo mashine ya Komba ilipokuwa imejaa magunia ya mavuno, sote tulielekeza macho kwenye ukuta ule. Ilikuwa dhana ya busara. Mota ya kukoboa ni kubwa, nayo hunyonya. Kasiani alikwenda kumwambia, nami nilifuatana naye.

"Wewe Mngoni, unaiba umeme wangu kama babu zako walivyoiba ng'ombe."

"Ng'ombe gani, nyie mlikuwa na panya," alisema Komba. Kisha akamgeukia kijana wake wa mashine na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuanzia kesho watakoboa asubuhi na jioni, mchana wamuachie huyu mtumwa aguse mbao zake. Katika msimu wa mavuno, wakati foleni ya wateja inafika barabarani. Hakuongeza neno. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kupendana, na mpaka leo nikisikia watu wanaambiana "nakupenda" kwenye simu kila baada ya sentensi, nafikiria lile agizo alilotoa huku amempa rafiki yake mgongo.

Mashine ya Komba ikanyamaza mchana, nayo mota yetu ikaendelea kuguna. Basi si yeye. Sasa nilielewa kwamba mchana si saa ya Komba, ni saa ya Kasiani mwenyewe: asubuhi alipasua, mchana akapiga randa zile mbao pana. Mzigo ndio uliokuwa unafika mchana. Nikarudi kwenye nyaya za ndani, nikafuata njia moja moja kutoka kwenye stata hadi kwenye meni, kila kiungo nikikifungua na kukifunga upya. Tatizo likapungua kidogo, tukapata moyo. Iliyobaki, ambayo sikuifikia, ilikuwa njia ya kutoka kwenye meni kwenda kwenye nguzo fupi ya Kasiani mwenyewe, iliyosimama nyuma ya banda. Ukiwa ndani huioni, bati linaziba. Mtu pekee aliyekuwa akiitazama siku nzima ni yule aliyekaa kwenye kibaraza cha mashine ya kukoboa, hasa sasa ambapo mchana alikuwa hana kazi.

Katika siku hizo hizo, juu ya chakula, Komba alisema, "Mpogoro, nguzo yako siku hizi inavuta sigara. Mwambie apunguze, atakufa kifua."

Tulicheka. Mama Bernadeta alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Juzi yake Komba alikuwa amesema mota yetu ina mimba ndiyo maana inaguna, na kabla ya hapo alisema randa inalia kwa sababu imezoea kuchonga mizinga ya nyuki na sasa imeletwa mjini. Maneno ya nguzo yalikuja kwenye mkumbo huohuo, kwa sauti ileile, mdomo ukiwa na wali. Kasiani alijibu kwamba heri nguzo inayovuta kuliko Mngoni anayeombaomba tumbaku. Komba akamtazama kidogo, akasema, "Haya. Mimi nimeshasema," akachukua kichwa cha samaki. Nimeirudia sentensi ile mara nyingi nikiwa juu ya mota za watu wengine. Mimi nimeshasema. Wewe usiyewajua ungesikia onyo. Sisi tuliowajua tulisikia utani, na hiyo ndiyo hasara ya kumjua mtu sana.

Ilitokea siku ya jua kali. Nilikuwa kwenye kona yangu nikisikia randa inakula ubao, kisha sauti ikashuka na kuwa nzito, ule mlio wa mota inayobebwa na njia mbili, ambao ukishausikia huusahau. Nilisubiri ulinzi ukate. Haukukata. Vidole vya kontakta vilikuwa vimetetemeka kwa ule umeme unaokuja na kupotea mpaka vikaunguzana na kugandana, hata kifaa kikitoa amri havikuweza kuachana. Nilikimbilia meni nikaivuta, lakini vanishi iliyopakwa kwenye koili za mota ilikuwa imeshawaka na kudondoka kwenye maranda. Maranda hayahitaji kushawishiwa. Kasiani alijaribu kutoa mabenchi, akatoa moja, akarudi, nikamshika shati. Wa kwanza kuruka ndani alikuwa Komba, na gunia bichi kila mkono, akipiga moto kama mtu anayepiga nyoka, nyuma yake vijana wake na ndoo. Aliungua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Walilinusuru lile kerezo na nusu ya paa. Mabenchi ya kigango yaliisha.

Kesho yake umeme ulipokatwa kule barabarani, niliegemeza ngazi nikapanda ile nguzo mwenyewe. Juu nilikuta kiungo ambacho fundi aliyenitangulia alikuwa amefunga shaba na alumini pamoja, zikalana polepole kama metali hizo zinavyofanya, mpaka zikabaki kushikana kwa ncha tu. Kilikuwa cheusi chote. Nilikitoa, nikashuka nacho, wote wamesimama chini wakingoja: Kasiani, mkewe, Komba na bandeji yake, majirani. Nikasema kama fundi anavyosema. Nikasema tatizo ni hiki, na kwa hali hii kimekuwa kikitoa cheche na moshi kwa wiki nyingi.

Sikukosea. Ndicho kinachonisumbua. Ningekuwa nimekosea ningeomba msamaha na yakaisha. Lakini kila neno lilikuwa sahihi, na nilishuhudia likitoka kwangu, likapita hewani, likamfikia Kasiani. Alimgeukia Komba.

"Wewe ulikuwa unauona moshi."

"Nilikwambia. Nilisema nguzo inavuta sigara."

"Ulinitania."

"Nilikwambia, Kasiani. Ningekwambiaje?"

 Nadhani Kasiani alitambua, kama nilivyotambua mimi, kwamba lile swali lilikuwa la haki. Katika miaka yao yote hawakuwa wamejiachia njia nyingine ya kuambiana kitu. Lakini nyuma yake paa lilikuwa bado linafuka. Akasema taratibu, "Kuanzia leo usinitanie." Watu walitazama chini. Mtani akikasirika hakuna wa kuamua kesi, maana sheria yenyewe ndiyo imevunjika. Komba alisimama kidogo, mkono wake mzima umeshika ule uliofungwa, halafu akaenda zake kwa kuzunguka barabarani, asipite uani kama alivyozoea.

Alijaribu. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu siku hizi naambiwa kwamba Mngoni alikuwa na kiburi. Baada ya muda alikuja na vijana wake wamebeba mbao za mninga, sijui alizitoa wapi, akasimama mlangoni akasema, "Nimemletea mtumwa wangu fimbo za kujichapia."  Nilijikuta naomba kimoyomoyo Kasiani amtukane. Neno moja lingetosha, mkimbizi, mwizi wa ng'ombe, lolote lile. Kasiani aliinuka, akampa mkono wa kushoto kwa kuogopa kumuumiza ule wa kulia, akasema, "Karibu uketi, Bwana Komba. Tunashukuru sana kwa msaada wako." Akamletea kiti. Komba alikaa kwenye kile kiti pembeni, magoti pamoja, kama mtu aliyekuja kuposa, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu nzuri. Kisha akaaga. Sijaona tusi kubwa kuliko ile heshima.

Mabenchi yalitengenezwa kwa mbao zile zile za Komba, kwa randa ya mkono, na yapo Michenga mpaka leo. Jumamosi nimekalia moja. Sikukuu ya somo ilikuwa imeshapita. Kasiani hakununua mota nyingine. Alisema amechoka na mji, akahamia Michenga kulima mpunga, na mimi nikapata kazi kwenye miwa. Niliondoka nikijiambia kwamba wazee wakikaa mbali kidogo watapatana. Michenga na Ifakara si mbali. Nilimtembelea Kasiani mara chache, nikila wali wake, nikimsubiri alitaje jina lile. Hakulitaja. Mara moja tu, Mama Bernadeta akiwa ameshafariki, aliniuliza kama nimewahi kupita pale nyuma ya soko. Nikasema sijapita muda mrefu. Akasema, "Ukipita, utaniambia." Nilipanga kupita, na maisha yakawa na shughuli zake.

Bodaboda ilinishusha mbele ya kibaraza. Mashine ilikuwa imebaki msingi wa saruji na kutu. Komba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekonda, mkono wa kulia bado una ngozi inayong'aa. Alikuwa amevaa koti la suti katika joto lile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hiyo sauti ni ya Filo. Macho yamegoma, masikio bado."

Nikakaa chini ya miguu yake kwenye ngazi. Nikamwambia natoka Michenga. Akasema anajua, alisikia tangazo tangu Alhamisi. Basi nikawa sina habari ya kumpa.  Akauliza, "Nani alizuia jeneza?"

"Hakuna, Mzee. Lilipita tu."

"Hakuna aliyeingia kaburini kabla yake? Hakuna aliyesema huyu mtumwa anatoroka kazi haijaisha?"

"Hakuna. Watu walikuwa kimya. Walisema ni mazishi ya heshima."

"Lilipita tu," alirudia, akitikisa kichwa. Nilitaka kumfariji. Nikamwambia kosa ni la wale watoto, walipaswa kumtuma mtu aje kumuita, na kama ningejua ningekuja kumchukua mimi mwenyewe. Aliinua ule mkono wenye kovu kunizuia.

"Mtani haitwi msibani, Filo. Mtani anakwenda. Mimi nilivaa koti, nikakaa hapa, nikasubiri kuitwa."